Kipande cha Babu: Siku Sita Tanga na Pangani

Siku ya kwanza: Mbezi hadi Tanga

Nimeondoka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, saa kumi na mbili asubuhi, begi dogo miguuni. Ndani ya begi, katikati ya kurasa za daftari ili kisikunjike, kuna kipande cha babu. Ni kadi ngumu iliyogeuka rangi ya chai, imechorwa mistari ikatoa vyumba thelathini vidogo. Ishirini na nane vina alama ya penseli. Viwili vya mwisho ni vitupu.

Babu alitoka Kasulu mwaka 1948. Aliandikishwa na SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua iliyoanzishwa na wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944, akapandishwa treni na vijana wenzake wa Kiha, akashushwa shamba moja karibu na Muheza. Watu kama yeye waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake, na siku ya malipo waliitwa kwa namba, si kwa jina. Masharti ya kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, yalikuwa haya: siku 30 za kazi, zikamilike ndani ya siku 42. Nyumbani tulisimuliwa kwamba babu aliumwa homa siku mbili za mwisho, muda ukapita, mshahara haukutoka. Bibi aliihifadhi kadi ndani ya kopo la majani ya chai mpaka alipofariki.

Mimi ni mjamaa, na safari hii naiandika kijamaa. Sioni historia ya mji wa pwani kwenye milango ya nakshi peke yake. Nataka kujua nani alibeba mawe, nani alilipwa, na nani mpaka leo anaitazama bahari kupitia ukuta wa mwenzake.

Baada ya Segera mkonge ukaanza. Mistari imenyooka mpaka inakutana na mlima, majani yamesimama kama visu. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, ikiongoza duniani. Ukipita leo unakuta sehemu mkonge mpya, sehemu pori, sehemu mlingoti mmoja umechanua katikati ya vichaka, mrefu, hauna mwenyewe. Abiria wa jirani, mama aliyekuwa anarudi Muheza na mtoto mgongoni, aliniona nimeganda dirishani. "Una mtu wako humo?" Nikamwambia babu yangu amezikwa huko. "Basi kuna wengi," akasema, akamhamishia mtoto bega la pili.

Stendi ya Kange, Tanga, tulifika mchana. Joto, bajaji, na ile sauti ya watu wa Tanga inayovuta maneno kama wana siku nzima mbele yao. Wenyewe husema "waja leo, waondoka leo". Nimechukua chumba Ngamiani.

Siku ya pili: Pande mbili za reli

Ngamiani mitaa huitwa kwa namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, hadi ya Ishirini na Moja. Imenyooka, imekatwa kama keki, na nyumba zake ni zile zetu za Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na kisima. Asubuhi nimekaa kwenye baraza ya mama anayepika vitumbua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umelalaje huko kwa joto hili?"

Nikamwuliza kama huwa anakwenda Raskazone, mtaa wa ufukweni, kupunga upepo. Akageuza kitumbua kwanza. "Kufanya nini, mwanangu? Bahari ile mie naijua kwa harufu tu. Nilifanya kazi za ndani kule miaka sita, nikiingia mlango wa nyuma." Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayekuelekeza njia.

Kati ya Ngamiani na mji wa maofisi inapita reli. Ujenzi wake Wajerumani waliuanzia hapa Tanga mwaka 1893. Ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Ilijengwa kushusha mazao ya bara hadi melini, na mji ukakatwa kufuata haja hiyo: upande wa bahari maofisi, maduka na majumba; upande wa pili wale wanaofanya kazi huko. Waingereza walipokuja hawakuvuruga kitu, waliipangia miji kanda za Wazungu, Wahindi na Waafrika, wakayaita hayo mipango miji. Nimevuka reli kwa miguu na kuhesabu hatua. Kumi na nne. Upande mmoja miti mikubwa yenye kivuli, ua wa maua, kimya. Upande mwingine mabati yanawaka jua na watoto wanaosukuma madumu.

Raskazone nyumba za zamani zina madirisha mapana yanayopokea upepo wa bahari. Baada ya Uhuru waliingia wakubwa wetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa na kipengele ambacho vijana wa leo ukiwaambia wanadhani unatunga: kiongozi haruhusiwi kuwa na nyumba ya kupangisha, wala hisa katika kampuni, wala mishahara miwili. Miiko ile ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na tangu hapo mwenye madaraka na mwenye nyumba wamekuwa mtu mmoja bila kuvunja mwiko wowote. Nimetembea kwenye barabara ya ufukweni karibu nusu saa nikitafuta mahali pa kushuka majini bila kupita getini kwa mtu. Nimepata kichochoro kimoja, na ndani yake vijana watatu wanaogelea na kaptura za shule.

Makaburi ya vita vya Novemba 1914 nimeyapita jioni. Waingereza walishusha hapa jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka Uhindi, wakarudishwa baharini na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao Waafrika. Vitabu hupenda kusimulia nyuki walivyowavamia wapiganaji. Mimi namfikiria mpagazi. Vita vile vilibebwa vichwani na Waafrika, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, limebaki kwa sababu yao. Mawe yenye majina ni ya wengine.

Siku ya tatu: Bandarini

Siku fupi. Nimezungumza na mzee aliyekuwa kuli tangu ujana. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikuweza kufunga hapa. Zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, na makuli wakaupokea tena gatini. Sasa gati limejengwa upya, mita 450, kina kimechimbwa hadi mita 13, na meli inakuja yenyewe. Mzee analifurahia gati kama amelijenga yeye. "Mashallah, ni kazi nzuri," akasema. Halafu akaniuliza, na aliuliza kwa dhati: mzigo ukiongezeka na mikono ikapungua, ile faida iliyobaki katikati inakwenda kwa nani?

Agosti 1939 makuli wa Tanga waligoma. Walikuwa vibarua wa kutwa, wasiojua asubuhi kama mchana watakula, na walidai nyongeza. Mzee aliusikia mgomo huo kwa baba yake. Nilimwuliza kama kuna alama yoyote bandarini ya kuwakumbuka, jiwe au ubao. Hakuna. Kukumbukwa kwao kumeachiwa watu kama yeye, na yeye anapumua kwa shida.

Nimerudi kwa njia ya viwandani. Kiwanda cha mbolea cha miaka ya 1970 kilishakufa siku nyingi. Sipendi kusimama mbele ya mageti yenye kutu na kulia juu ya zamani, kwa hiyo nimepita.

Siku ya nne: Pangani

Hapa ningependa kukaa mwezi.

Pangani ni mji uliojikunja mdomoni mwa mto, na mto una rangi ya udongo wa Kilimanjaro na Usambara. Upande wa pili ni Bweni, unavuka kwa pantoni. Nyumba za ghorofa za wafanyabiashara zimechoka. Moja mlango wake wa nakshi bado umesimama imara kwenye fremu na nyuma yake hakuna nyumba, kuna mpapai. Nilisimama mbele ya mlango ule muda mrefu. Seremala aliyeuchonga alikuwa fundi hasa: minyororo imechongwa kuzunguka fremu yote, pete kwa pete, na nyingine zimelika kwa chumvi.

Watu huja Pangani kusikia habari za misafara ya pembe za ndovu na watumwa waliosafirishwa Unguja. Hilo ni kweli, lakini si wote waliopelekwa mbali. Karne ya 19 kando ya mto huu kulikuwa na mashamba ya miwa, na mitambo ya kukamua sukari, na waliokata miwa hiyo walikuwa watumwa. Kabla ya mkonge kulikuwa na miwa, na kabla ya manamba kulikuwa na mtumwa, kwenye udongo uleule.

Mwaka 1888 Sultani wa Unguja aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi wa nane Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, alifika Pangani kupandisha bendera ya kampuni. Katika vurugu zile Wajerumani wakaingia msikitini na viatu na mbwa. Mji ukawaka. Kiongozi wa vita alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, na Wajerumani walimnyonga hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Kijana aliyenitembeza alimsifu Abushiri kama mkombozi wetu sote. Nikamwomba tukae kwanza. Abushiri alipigana na mkoloni, heshima yake anayo. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mwenye shamba la miwa, na mashamba yale yalilimwa na watumwa. Alikuwa na chake cha kulinda. Waliofurika mjini siku zile hawakuwa matajiri peke yao. Walikuwapo watu wa bara na wanyonge wengi waliokuwa na ugomvi na kampuni, na pengine pia na mabwana zao. Kijana akafikiri, akaniuliza: "Kwa hiyo sisi tumetokana na nani, na Abushiri au na wale?" Nikamwuliza: bibi yako alilima shamba la nani? Akacheka kidogo, akasema la watu. Tukainuka.

Wajerumani walikuja wakijitapa kwamba wanaondoa utumwa. Hawakuufuta. Ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Katikati ya hapo ndipo mkonge ulipoingia. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ileile, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Miaka isiyofika minne baada ya kunyongwa Abushiri! Kutoka kwenye miche ile 62 ikaenea mikonge mamilioni, na mkonge hautaki mvua nyingi wala rutuba nyingi. Unachotaka ni watu wengi, kila siku, kwa bei ndogo. Watu wa pwani na Wasambaa waliokuwa na mashamba yao hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miba ya mtu. Ndiyo maana zikaja kodi za kulazimisha fedha, na kipande, na mwisho SILABU hadi Kigoma kwa babu.

Jioni nimekaa ngazi za mto kusubiri daladala. Wanawake walikuwa wanaanua dagaa juu ya turubai, wanawapepeta, wanawapima kwa ndoo ya mnunuzi. Ndoo ilikuwa ya mnunuzi. Nililiona hilo kwa sababu mmoja wa wanawake alilalamika kwamba mdomo wa ndoo umepanuliwa, na mnunuzi akasema asiyetaka abaki na dagaa wake.

Siku ya tano: Chongoleani

Bodaboda kutoka mjini, kupitia njia ya Amboni, mikoko kulia na kushoto. Hapa ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda: kilomita 1,443, na 1,147 kati yake zinapita Tanzania. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Mafuta ya kule ni mazito kama nta, kwa hiyo bomba lazima lipashwe moto njia nzima ili yatiririke.

Umiliki wa bomba uko hivi: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Tanzania na Uganda asilimia 15 kila moja, CNOOC ya China asilimia 8. Narudia, asilimia 15. Ardhi ni yetu, bahari ni yetu, sehemu kubwa ya njia ni yetu. Najua hoja ya pili, kwamba mtaji wao, hatari yao. Wenye mashamba ya mkonge nao walisema hivyohivyo, na hawakudanganya kuhusu mtaji. Waliacha kusema mtaji ulitoka mikononi mwa nani.

Sikuja kukataa kazi. Vijana wa kijijini waliopata ajira kwenye ujenzi wameezeka nyumba, nimeziona, bati jipya linang'aa. Lakini nimekaa na mvuvi wa rika la baba yangu, anatengeneza nyavu chini ya mkungu, akaniambia sehemu alizokuwa anatega sasa haruhusiwi kusogea. Ngalawa yake haina injini. Akizunguka mbali inambidi apate upepo wa kwenda na wa kurudi.

"Fidia si walilipa, baba?"

"Walilipa mnazi. Mnazi unahesabika. Bahari nitaihesabu vipi mwanangu, niwaambie nilikuwa na mawimbi mangapi?"

Alinionyesha karatasi ya tathmini, imefungwa kwenye nailoni. Juu kulikuwa na namba ya kumbukumbu ndefu, imeandikwa kwa wino mzito, na jina lake chini yake kwa herufi ndogo, limekosewa.

Siku ya sita: Shambani, karibu na Muheza

Nimeshuka njiani. Laini za wafanyakazi bado zipo, vyumba vya mawe vilivyopangwa mstari mmoja, vingine vina watu na vingine vina mbuzi. Nilielekezwa kwa mzee aliyekata mkonge tangu kijana, baba yake naye aliletwa na SILABU, kutoka Songea. Tulikaa kwenye kigoda na ndoo iliyopinduliwa.

Alinionyesha kazi kwa mikono mitupu. Unakata jani, unalitoa mwiba wa ncha, unafunga tita la majani thelathini, unalibeba begani hadi reli ndogo. Korona, mashine ya kusaga majani, inatoa singa, yaani nyuzi, singa zinaanikwa kwenye nyaya, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota. Utomvu ukikugusa ngozi inawasha mpaka usiku. Kila tita linapimwa na nyapara.

Nilimwuliza habari za Oktoba 1967, serikali ilipoyachukua mashamba. Uso wake ukafunguka. "Tulicheza ngoma siku mbili. Mzungu kaondoka!" Na baadaye? Alinyamaza akichagua maneno. "Nyapara alikuwa yuleyule. Ofisini kaja mtu wetu, na gari. Tukaambiwa shamba ni letu, lakini tukitaka kuuliza bei ya mkonge tunaambiwa rudini kazini."

Hili ndilo lililonitoa Dar, na ninalisema kama mtu anayelipenda Azimio. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la mkonge la Mazinde waligoma majuma mengi wakiwa na chama chao wenyewe, walichokijenga kwa michango yao. Mwaka 1964 vyama vile vilivunjwa na kuwekwa chini ya NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wa nchi nzima, na Katibu Mkuu wake akawa mteule wa Rais. Kwa hiyo mashamba yalipotaifishwa, mfanyakazi alikuwa ameshanyang'anywa chombo ambacho angekitumia kuyashika. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea viongozi wanaowanyanyasa wafanyakazi, na viwandani watu waliugeuza silaha mara moja, wakagoma, waliishia kutawanywa. Bei ya mkonge ilianguka kwa sababu ya kamba za plastiki, hilo halikuwa kosa letu. Lakini ujamaa ambao mkata mkonge hashiki daftari la hesabu, mimi nauita nusu ya ujamaa, na nusu ile ndiyo iliyorahisisha kuuza mashamba mwaka 1998 bila mkata mkonge kuulizwa.

Mzee alistaafu mikononi mwa wenye shamba wa baadaye, na kiinua mgongo chake hajakipata chote. Ana barua. Ameziweka kwenye mfuko wa sukari.

Mwisho nikatoa kipande cha babu. Alikipokea kwa mikono miwili. Hakusoma namba, alikiinua kuelekea mlangoni, akakilaza kwenye mwanga, akakigeuza polepole.

"Nani kakwambia aliumwa?"

Nikamwambia ndivyo tulivyosimuliwa.

"Tazama hapa." Ukucha wake ulikuwa kwenye chumba cha ishirini na tisa. Sikuona kitu. Akanishika mkono, akapitisha ncha ya kidole changu juu ya kadi, na nikausikia: mfereji mwembamba, wa penseli iliyokandamizwa kisha ikafutwa. Cha thelathini pia. "Kazi alifanya. Aliandikiwa. Kisha nyapara kafuta. Wakisema matita yamepungua, walikuwa wanafuta. Na siku zikishapita arobaini na mbili, utamlilia nani?"

Nimempigia mama nikiwa kando ya barabara, nasubiri basi la Dar. Nimemweleza. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza kama hiyo penseli inaonekana kweli, au ni maneno ya mzee tu.

Nikamwambia haionekani, mama, ila ukigusa ipo.

"Kilete," akasema. "Usikiweke tena kwenye kopo."